Springi za Somoe, Vigogo Vyangu

Mwanangu Somoe,

Assalaam alaykum. Watu huanza barua kwa kumuuliza hali aliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Nakuona kupitia dirisha hili, uko uani unakunja nguo huku unaimba kwa ile sauti mbaya uliyoirithi kwangu, kwa hiyo hali yako naijua. Hali yangu mimi ndiyo usiyoijua. Nimekaa hapa tangu tulipotoka kuswali alasiri, nimechana karatasi mbili, na hii ya tatu Inshallah itafika mwisho.

Usiisome nyumbani. Nitakupa mkononi kesho stendi ya Nachingwea, uifungue basi la Songea likishaipita Masasi. Najijua. Mimi nikiona aibu hufoka, na sitaki neno la mwisho utakalolisikia kwangu liwe la kufoka.

Habari za kufunga mlango, kula kwa wakati na kutomwamini kila anayekuita dada, mama yako ameshazisema mara tatu tangu asubuhi, na kabla hujalala atazisema tena. Mimi nakuandikia habari za springi za pikapu. Usicheke! Fundi mzima unakwenda kuanza kazi kwenye karakana ya malori, na baba yako, mkulima wa korosho wa Nandagala, anakuandikia habari za springi. Lakini ndani yake mna jambo, na wewe unalijua karibu lote. Mimi ndiye niliyejidanganya kwamba nalijua peke yangu.

Ijumaa ulimwomba mama yako kitu kimoja. Hukuomba khanga, hukuomba sufuria. Ulimwambia, "Mama, nisindikize mpaka Nachingwea. Panda gari, siku hii moja tu." Naye akakujibu, "Nitakuagia hapa hapa mlangoni, mwanangu. Mgongo huu hauwezi gari." Ukasema sawa, mama. Mimi nilikuwa pembeni nanoa panga, nikasikia yote, nikaendelea kunoa. Panga lenyewe lilikuwa kali tangu juzi.

Haya, nianze mwanzo.

Pikapu ile niliinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Nachingwea, wewe ukiwa unatambaa. Hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Mwalimu alisema ilitengenezwa kabla mimi sijazaliwa, na sikumbishia, maana usukani wake ni mpana kama ungo. Lakini bodi haikuwa na kutu, injini ikiwaka unaisikia kifuani, na mpaka leo vijana wa Ruangwa wakituona wanasimama kupiga picha. Niliipenda, Somoe. Niliipenda hadi mama yako akawa ananiuliza jioni, "Mke mwenzangu kashindaje leo?"

Tatizo lilikuwa nyuma. Miaka nenda miaka rudi ya magunia ya korosho, mbaazi na ufuta, springi zikachoka. Yale mabapa ya chuma yaliyopinda kama upinde, bapa juu ya bapa, yakalala mpaka yakanyooka. Nyuma ikakaa chini, pua ikapanda juu. Ukiwasha taa haziangazi barabara, zinaangaza matawi ya mikorosho. Pale ghalani tunakopeleka korosho wakaipa jina: Muombadua. "Muombadua huyo anakuja, kainua uso mbinguni!" Watu wazima wenye wajukuu, wameshika matumbo kwa kucheka. Mtu mwingine angecheka nao. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani sili.

Fundi mmoja wa Ruangwa aliniambia kwa ustaarabu kabisa: "Mzee, springi zimekwisha. Badilisha zote mbili." Nikamwona mwizi. Nikajiambia, mimi niliyezaliwa kwenye nchi ya mpingo ninunue chuma cha nini? Nikamwendea rafiki yangu mchonga vinyago, nikamwomba anichongee vigogo viwili vya mpingo, kila kimoja urefu wa kiganja. Akauliza ni vya kazi gani. Nikasema ni vya gari. Akatikisa kichwa, lakini fundi ni fundi: akavichonga, akavipiga msasa mpaka vikang'aa, na pembeni akaweka nakshi. Nikainua gari kwa jeki, nikachomeka kimoja kulia na kimoja kushoto, kati ya ekseli na chesisi, nikavifunga kwa waya. Nilipoishusha jeki, nyuma haikushuka.

Lo! Nililizunguka gari lile mara saba. Nikaenda nalo ghalani bila mzigo wowote, kujionyesha tu. "Muombadua kajibiwa dua yake!" wakasema, nami nikajiona bingwa. Sikujiuliza springi kazi yake ni nini. Nilidhani ni kuliinua gari. Kumbe kazi yake ni kushuka na kupanda, kulipokea shimo ili lisimfikie aliyekaa juu. Hilo ulinifundisha wewe, baadaye sana, umelala chali chini ya gari hilo hilo.

Sasa nafika Nambilanje, na hapa ndipo nilipochana zile karatasi mbili.

Wewe ulikuwa chuoni, mwaka wako wa kwanza wa ufundi wa magari. Watoto wa dada yake mama yako walikuwa wanatoka jandoni kule Nambilanje, tukaombwa gari la kuwabeba. Unajua siku ya kuwatoa wali inavyokuwa. Pikapu ilipambwa kwa khanga mpaka kioo cha mbele kikabaki kidirisha, wali wamesimama nyuma na kanzu zao mpya na miwani ya jua, akina mama wanapiga vigelegele, ngoma inatutangulia. Mama yako alicheza siku ile, Somoe. Alicheza mpaka chini, mpaka vijana wakamtunza. Ndiyo mara ya mwisho nimemwona anacheza.

Jioni tukaanza kurudi. Kiti cha mbele alikaa mjomba wako mkubwa, kwa sababu ya heshima yake na ya tumbo lake. Mama yako akapanda nyuma pamoja na masufuria. Mimi nikataka shemeji yangu aone kwamba gari la zamani nalo linakimbia. Kuna kile kijito kikavu, njia inashuka ghafla kisha inapanda. Nilikijua. Nimekipita mara ngapi? Nikakiingia kwa mwendo wa kijinga. Nyuma ilitakiwa ishuke, lakini haikuwa na pa kushukia, vigogo vyangu vilikuwa vimeikalia. Ikaruka. Mama yako akaruka nayo, akarudi akatua kwa makalio juu ya bati tupu. Nilisikia sauti moja fupi, kama ya mtu aliyekatwa pumzi.

Nikasimama, nikashuka. Neno langu la kwanza, kabla hata sijamuuliza kaumia wapi, lilikuwa: "Barabara gani hii!" Mjomba wako naye akaitukana barabara. Tuliitukana wawili sisi mpaka hospitalini, na mama yako amelala kifudifudi huko nyuma.

Mfupa haukuvunjika, lakini mgongo uliumia vibaya. Miezi mitatu hakuweza kuinama kushika jembe. Mwaka ule tulipalilia mimi na vibarua, naye anatutazama kutoka kizingitini na machozi yanamlengalenga, mwanamke ambaye hajawahi kukaa bure hata siku moja. Alipopona kiasi, nikamwambia panda twende Ruangwa. Akaweka mguu mmoja, jasho likamtoka, akaushusha. Akasema mgongo wake si wa gari tena. Dada yake alipofariki alitoka hapa kwa mguu kwenda Nambilanje, akafika wameshazika. Arobaini hakwenda. Alikaa ukumbini na tasbihi yake peke yake, na mimi nikaenda arobaini ya shemeji yangu kwa gari, kiti cha pembeni kitupu.

Utaniuliza, je, vigogo niliviondoa? Sikuviondoa. Ningeviondoa nyuma ingeshuka, watu wangeuliza, na mama yako angeuliza. Nikaviacha, nikawa naendesha taratibu kama bwana harusi, na kila mtu akiilaumu barabara mimi ndiye wa kwanza kuitikia. Hii ndiyo habari yangu. Sijawahi kuandika aya mbaya kuliko hizi mbili maishani mwangu.

Basi ukarudi na cheti, na kucha zenye oili isiyotoka hata kwa majivu. Kumbuka mimi ndiye niliyekuuliza, ulipotaka kwenda chuo kile, kama mahari yako italipwa kwa spana. Hukunijibu wakati ule. Ulijibu asubuhi ya pili baada ya kurudi: ukatandika gunia chini ya Muombadua, ukaingia. Nikawa naona miguu yako tu. Mara miguu ikatulia. Ikatulia muda mrefu. Ukatoka.

"Baba, vigogo hivi viliwekwa lini?"

"Zamani."

"Kabla ya Nambilanje au baada?"

Nikakufokea. "We, umesomea ufundi au uhakimu?"

Ulinitazama, Somoe, na sijasahau jinsi ulivyonitazama. Hukuwa na hasira. Ulikuwa kama umebeba kitu na unatafuta pa kukiweka. Ukapangusa mikono, ukasema, "Springi zibadilishwe. Zote mbili, si moja. Na hivi vitoke leo."  Mama yako alikuwa anatwanga hatua kumi tu kutoka pale.

Sasa nataka nikusifu, na kwa kuwa ni barua huwezi kunikatiza kwa kusema "Ah, Baba, kawaida tu." Si kawaida. Mimi nimekuwa na gari miaka ishirini, na wiki ile ndiyo niliona kazi.

Kwanza hukushika spana. Uliliendesha gari mpaka kwenye sakafu ya saruji tunapoanikia korosho, kwa sababu pale ni tambarare. Ukaazima futi ya kushonea ya mama yako. Ukapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, ukaandika kwa chaki mlangoni. Mimi nikasema macho yananitosha. Kumbe upande wa dereva ulikuwa umelala kuliko mwingine kwa vidole vitatu, na mimi miaka yote naendesha nimeinama upande kama mtu mwenye jipu, sijui!

Halafu nikakuletea akili zangu. "Tuongeze bapa moja la lori, mambo yaishe." Ukasema, "Baba, ukiweka bapa moja jipya kati ya haya yaliyochoka, litabeba lenyewe tu, litavunjika." Sikukubali. Ukaniacha nibishane na kuku. Ukaenda mwenyewe mpaka Masasi kuzisaka springi, ukarudi nazo juu ya basi, ukalaza mpya kando ya kuukuu pale sakafuni, ukaenda kunywa maji. Nikaziona. Zile zangu zilikuwa zimenyooka kama rula. Nikaenda kuitafuta jeki.

Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilikwishachukua nyundo. Ukainyang'anya mkononi kwa adabu, ukazimiminia dizeli na oili chafu, ukasema tungoje siku mbili. Siku mbili! Mimi sikuwahi kuingoja boliti tangu kuzaliwa kwangu. Siku ya tatu zikafunguka kwa mkono wako mwembamba huo, na moja tu ndiyo iliyotaka nyundo. Ukaweka magogo mazito chini ya chesisi hata baada ya jeki kusimama, ukasema jeki ni ya kuinua, si ya kuaminiwa. Ukanionyesha kwamba tundu la boliti ya katikati kumbe haliko katikati, upande mmoja wa springi ni mrefu kuliko mwingine, na ukigeuza ekseli inahama mahali pake. Ukaandika MBELE kwa chaki kwenye kila moja. Mimi ningezigeuza. Wallahi ningezigeuza, halafu ningeilaumu barabara.

Kisha nikafanya lile lingine. Ulikwenda kuswali adhuhuri, gari likiwa bado juu, magurudumu yananing'inia. Nikaona nikufurahishe, ukirudi ukute kazi imekwisha. Nikazikaza boliti zote za miishoni mwa springi, kwa nguvu zangu zote na bomba nikaongezea kwenye spana. Ukarudi. Ukapapasa moja, ukapapasa ya pili. Ukachukua spana, ukazilegeza zote, moja moja.

Nikawaka. Nikakuambia wewe hupendi kusaidiwa, elimu imekuvimbisha kichwa, na mengine ambayo sitayarudia. Ukangoja nimalize. Ukasema, "Baba, lishuke kwanza. Likae chini kwa uzito wake, ndipo tukaze. Ukikaza likiwa linaning'inia, mipira ya ndani inashikwa ikiwa imekaa vibaya, likishuka inajisokota, baada ya mwezi inachanika, na gari halikai kimo chake." Ukaondoa magogo, ukalishusha, ukaniomba nipande nyuma nirukeruke. Mzee wa miaka hamsini na kitu nikaruka juu ya pikapu mbele ya majirani. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu ukaingia chini, ukakaza.

Nimelifikiria sana neno lile la kungoja lishuke kwanza. Maamuzi yangu mengi niliyakaza yakiwa yananing'inia. Nilimwoa mama yako vizuri, hilo halina neno, lakini karibu kila kitu kingine nilikikaza wakati nina hasira, au watu wakinicheka, au nikitaka kuonekana. Sikuambii nawe ufanye hivi au vile. Wewe subira hiyo tayari unayo, sijui uliitoa wapi. Kwangu hukuitoa.

Ukapakia magunia ya ufuta, sawa kulia na kushoto, ukapima tena. Nyuma ilikuwa juu kidogo kuliko mbele, nikaanza kulalamika. Ukasema zikizoea zitakaa zenyewe. Baada ya wiki mbili za kwenda Matambarale na kurudi, nikachukua futi kwa siri nikapima mwenyewe. Zilikuwa zimekaa, pande zote mbili sawasawa kabisa. Nikarudisha futi kwenye kikapu cha cherehani bila kukuambia. Leo nakuambia.

Na tulipokwenda ghalani, wakalizunguka gari. Wakainama, wakatazama chini. "Nani kafanya kazi hii? Fundi wa wapi?" Wewe ulikuwa ndani ya gari, dirisha wazi. Nikasema, "Mimi. Binti alikuwa ananishikia spana."

Ulisikia. Njia nzima nilikuwa nangoja useme. Ulipofungua mdomo ukasema, "Baba, umesikia? Haigongi tena huko nyuma." Ukacheka kwa furaha, furaha ya kazi yako iliyokubali. Nisamehe, mwanangu. Kesho kutwa ni siku ya kupeleka mbaazi, wote watakuwepo, nami nitalisema jina lako pale kwa sauti. Watanicheka. Wacha wacheke.

Sasa ya leo. Usiku huu mama yako atakuambia jambo moja tu, kwamba anakuja Nachingwea. Hatakuambia kwa nini. Amesema hilo ni langu kulisema.

Asubuhi ulipokwenda kuaga kwa majirani, nililichukua sanduku lako nilipeleke kwenye gari. Likanishinda. Nikasema, mtoto huyu anahamisha karakana? Nikalifungua nipunguze. Chini kabisa, chini ya nguo, kuna khanga imefungwa fundo. Nikafungua fundo. Vigogo vyangu viwili vya mpingo.

Nilikaa sakafuni. Mimi nilidhani ulivitupa. Nilijisifu moyoni kwamba vimepotea, yamekwisha. Kumbe miezi yote hii umevificha ndani ya nyumba hii mama yako asivione, na sasa unaondoka, ukaogopa atavikuta akifagia chumba chako, ukaona bora uvibebe. Mpaka Songea! Mpingo, uzito ule, ndani ya sanduku la msichana anayekwenda kuanza maisha. Ulikuwa unanibebea.

Somoe, sijawahi kumwona mtu mwenye moyo wako. Nalisema wazi, si kwa sababu unaondoka. Ulijua baba yako amemuumiza mama yako na kumdanganya, na hukuniaibisha mbele yake, wala hukunidharau. Ulinipa nafasi niseme mwenyewe. Ulingoja kama ulivyozingojea zile boliti. Na mimi nikaiona subira yako nikaifanya maficho. Kwa hiyo nasaha yangu ni hii moja, na inatoka kwa mtu asiyestahili kuitoa: usimbebee mtu tena kosa lake, hata akiwa baba yako. Mrudishie. Mwenye nalo ana mikono.

Nikavichukua. Mama yako alikuwa nyuma ya nyumba anapeta mbaazi zako za safari. Nikaviweka mbele yake, pale mkekani. Akauliza, "Vinyago gani hivi?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, fundi wa Ruangwa, vigogo, mwendo wangu, kijito. Nikamwambia barabara haikuwa na kosa.

 Akaendelea kupeta. Akamaliza ungo mzima, punje moja moja, na mimi nimesimama. Kisha akakishika kigogo kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye nakshi.

"Baba Somoe," akasema, "mimi miaka mitatu hii nilidhani nimezeeka. Nilidhani mwili wangu ndio umeharibika, kwamba wenzangu wote wanapita shimo lile na hawadhuriki, mimi tu ndiye dhaifu. Nikaacha kwenda kwa watu. Nikaacha arobaini ya dada yangu. Kumbe sikuwa na ubovu wowote?"

Nikasema, "Hukuwa nao."

Hapo akalia, na mimi nikalia. Nilitaka kumshika bega, akalisogeza. Ana haki. Kilichoniuma si kwamba amekasirika. Kilichoniuma ni kwamba siku zote nilidhani namficha kosa langu, kumbe nilikuwa nimemwachia yeye alibebe, ajione mbovu ndani ya nyumba yangu. Springi ulinionyesha ziko mbili, na mimi nilizoea kuutazama upande wangu tu.

Alipojifuta uso akauliza, "Gari kalitengeneza nani?"

"Somoe. Peke yake."

"Kesho nataka aendeshe Somoe. Leseni si anayo? Nitakaa mbele, karibu naye. Wewe utakaa nyuma."

Nikasema sawa. Nikauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijui niliitoa wapi, "Na kurudi? Kurudi nitaendesha mimi, mama. Hakuna mwingine."

Akaubeba ungo wake, akasimama, mgongo wima. "Kurudi nitaamua nikiwa stendi."

Basi ndivyo tulivyo, mwanangu. Huko karakanani utakosea, kila fundi hukosea, na wewe utakosea kidogo kuliko wengine. Siku utakayokosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujapangusa mikono. Ukichelewa, kosa linahamia kwa mtu mwingine, na yeye hatajua kwa nini linamuuma. Nimemaliza nasaha, nilikuahidi moja nimetoa mbili.

Sasa umeshaipita Masasi. Kama ulitazama nyuma basi lilipoondoka, ulituona tumesimama mimi na mama yako kando ya gari, na huwezi kujua lililofuata. Hata mimi ninapoandika sijui. Labda amepanda, na tunarudi Ruangwa wawili. Labda amesema atalala Nachingwea kwa jamaa zake, au ataanza kutembea. Sitamlazimisha, wala sitamsihi mbele za watu.

Lakini vyovyote atakavyoamua, nikifika kwenye mashimo nitapunguza mwendo, nitapita taratibu, gurudumu moja moja. Hata kile kiti cha pembeni kikiwa kitupu, nitaendesha kama amekaa hapo.

Mungu akutangulie, fundi wangu.

Ni mimi baba yako, niliyekaa nyuma na kufurahi kuendeshwa nawe.